Kilo Kumi Zilizobaki

Nambari zile niliziandika mimi mwenyewe, kwa rangi nyekundu iliyosalia kwenye kopo la idara, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Naanza na hilo ili nisije nikajisahau huko mbele nikaanza kutafuta wa kulaumiwa. Mgongo ulioharibika haukuwa wangu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilipelekwa Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini, karani wa ofisi ya maji, mtu wa magharibi niliyezoea mvua ya alasiri na migomba nyuma ya nyumba. Nyumbani walisema nimepandishwa cheo. Ofisini kila mtu alijua kwamba Lodwar ndiko alikopelekwa mtu aliyebishana na mkubwa wake, nami nilikuwa nimebishana, na kwa kweli ningebishana tena. Mke wangu alibaki nyumbani akisema atanifuata joto likipungua. Joto la Lodwar halipungui. Mwaka wa kwanza aliandika barua kila mwezi, mwaka wa pili akaandika Krismasi na Pasaka, na baada ya hapo nikaacha kwenda posta kwa sababu karani wa posta alikuwa ameanza kunionea huruma.

Niliomba uhamisho, nikajibiwa nisubiri. Nikaomba tena. Kila kitu changu kilikuwa kimekwama mahali fulani ndani ya faili, na mimi nilikuwa karani, nilijua vizuri sana jinsi faili zinavyolala. Ndiyo maana niliupenda ule mchezo wa vyuma. Chuma hakikuambii usubiri. Unakishika, unasimama nacho, au husimami.

Ng'ambo ya ofisi yetu kulikuwa na gereji, na mchomeleaji wa pale alikuwa Mturkana wa umri wangu, mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyojaa makovu ya cheche. Tulikuwa tukimpelekea vipuri vya pampu avichomelee. Siku moja nilimwona akiinua gia boksi ya Lendirova kutoka chini, peke yake, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka sufuria mekoni. Nikamwambia kwamba chuoni nilikuwa nikiinua vyuma, na kwamba mtu mwenye nguvu kama zake anazipoteza bure. Akacheka. Tangu siku hiyo yeye aliniita Karani na mimi nikamwita Fundi, na sidhani tuliwahi kuitana kitu kingine.

Vifaa tulijitengenezea. Fundi alikata bomba nene la mashine ya kuchimbia visima, refu kupita kimo cha mtu, akalichomelea vizuizi ili mizigo isiteleze kuelekea katikati. Mizigo yenyewe ilikuwa magurudumu ya saruji. Ofisi ilikuwa na mifuko miwili iliyobaki baada ya kusakafia kisima, imeanza kuganda, inasubiri kutupwa. Tuliibeba hadi kwenye laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya gereji. Fundi akafunga kamba kwenye msumari akachora duara mchangani, tukachimba mashimo ya mviringo, tukasimamisha kipande cha bomba katikati ya kila shimo, tukakoroga, tukamimina. Kila mfuko ulitoa magurudumu mawili. Baada ya siku tatu tuliyafukua. Yalikuwa mazuri, mazito, yenye ukingo mbaya kidogo.

Nikachukua kopo la rangi. Mfuko wa saruji ni kilo hamsini, imeandikwa kwenye karatasi yake. Hamsini kugawanya kwa mbili ni ishirini na tano. Hesabu ya darasa la tatu. Niliandika 25 kwenye magurudumu yote manne, na bomba nikaliandika 20 kwa sababu dereva wa mashine alisema ni ishirini. Mwisho tukakusanya gia kuukuu za gereji, tukazipima kwenye mizani ya duka la sukari, tukazifunga kwa waya mafungu manne ya kilo kumi kumi.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu: kuliinua bomba kutoka ardhini hadi usimame wima, magoti na nyonga zimenyooka, kisha ulirudishe chini. Hakuna mchezo rahisi kueleza kama huo. Tulianza na magurudumu mawili, kilo sabini. Kila tulipozoea tulifunga fungu moja la gia, la kilo kumi. Themanini. Tisini. Tulikuwa tukiinua alfajiri, kabla jua halijashika, maana kufikia saa nne lile bomba lilichoma viganja. Mia moja. Mia na kumi. Ilituchukua miezi saba kufika hapo, nami nilijiona mfalme.

Baada ya mia na kumi, gia zilikuwa zimekwisha. Ukitaka mia na ishirini, unafungua gia zote unatia magurudumu yote manne. Bomba ishirini, magurudumu mia. Kilo kumi tu juu ya zile tulizozoea.

Hazikuinuka.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimelala vibaya. Ya pili nikadhani ni chakula. Nilivuta mpaka nikaona nyota, na yale magurudumu yakabaki yamekaa mchangani kana kwamba yamezaliwa hapo. Mwezi ukapita, ikapita miezi sita, mwaka ukaisha na nusu ya mwingine ikaingia. Mia na kumi niliinua hata nikiwa na homa. Mia na ishirini ilikuwa ukuta. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Nilikula maharagwe zaidi. Niliinua kila siku, halafu mara mbili kwa siku. Nilivaa viatu, nikavua viatu. Nilijifunga mkanda wa gari tumboni. Sikuwa na wa kuniuliza mbona nyonga zako zinapanda kwanza na mgongo unabaki nyuma umepinda kama kulabu, mbona unasimama mbali na bomba, mbona unalishtua. Chuoni walitufundisha kuvuta, basi nilivuta.

Ilinitesa kuliko inavyostahili kumtesa mtu mzima. Sasa naona kwamba sikuwa napigana na saruji. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku nitakayoinua mia na ishirini kila kitu kingine nacho kitasogea: barua itajibiwa, mke atapanda basi la Kitale. Ni upumbavu, lakini mtu aliye peke yake hujiwekea nadhiri za kipumbavu.

Fundi yeye hakuteseka. Alikuwa akifika mia na kumi sawa na mimi, na mia na ishirini alijaribu mara chache, akalitikisa, akaliacha. Asubuhi moja aliinua gurudumu moja, akalipima mkononi, akalirudisha.

"Karani, hii si ishirini na tano."

"Imeandikwa."

"Wewe nasoma rangi. Mimi nasoma mkono."

Nikamcheka. Nilimwambia mkono wake haujaenda shule. Nilimweleza tena habari ya mfuko wa saruji, polepole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto. Naye akatikisa kichwa, si kwa kukubali, bali jinsi mtu anavyomwacha mlevi aongee. Na mimi nilikuwa na ushahidi mwingine ambao niliukanyaga kwa mguu wangu mwenyewe: wiki hiyo hiyo nilikuwa nimembebea mama mmoja wa kanisani gunia la mahindi la kilo tisini, nikaliona jepesi. Nikajiambia gunia ni laini, linakaa vizuri mwilini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimejaribu mara nne, nimeshindwa mara nne, na kiganja kimoja kilikuwa kimechanika. Fundi alikuwa amekaa juu ya ringi kuukuu akitafuna tumbaku. Hasira zangu zilihitaji mahali pa kwenda, zikaenda kwake.

"Wewe hata hujaribu," nikamwambia. "Kilo kumi! Kilo kumi ni mbuzi mdogo. Mturkana anashindwa na mbuzi?"

Alitema tumbaku. Hakukasirika, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Aliinuka akitabasamu, mtu anayekubali kumfurahisha rafiki yake, akainama juu ya bomba, akalishika, akalishtua kama alivyoniona mimi nikilishtua.

Likainuka. Likapita muundi, likafika gotini. Mgongo wake ulikuwa umepinda duara, nami nilikuwa nikipiga kelele, "Vuta! Vuta!" Kisha alisimama hapo hapo, katikati, macho yametoka. Mtu mwingine angeliachilia lianguke. Lakini fundi haachi chuma kianguke. Amefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, chuma kikianguka kinavunja mguu wa mtu au kinajivunja chenyewe. Alilishusha polepole, mgongo ule ule umepinda, mpaka magurudumu yakagusa mchanga bila sauti. Watu husema mgongo hulia. Wake haukulia. Aliketi chini, akasema, "Karani, ngoja kidogo," na hakuweza kuinuka.

Tulimpeleka hospitali juu ya mlango wa gereji. Alilala huko majuma mengi. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi kuanzia nyonga hadi kidole, na alipojaribu kuchutama, jinsi mchomeleaji anavyochutama siku nzima, alianguka ubavu. Watu wa gereji walikuja wakamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri kwa mtu ambaye koleo lake si uti wa mgongo.

Mimi nilikwenda mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekalishwa kwenye ukingo wa kitanda, mama yake amekuja kutoka Kaaleng kumchukua, amekaa sakafuni na shanga zake shingoni, ananitazama. Nilikuwa nimejiandaa kusema pole. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ungelishika vizuri, Fundi. Zilikuwa kilo kumi tu."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fundi alinisikia, akavunjika mgongo.

Uhamisho ulipokataliwa mara ya tatu niliacha kazi ya serikali. Nyumbani sikurudi. Barua ya mwisho ya mke wangu ililetwa hadi ofisini; ilikuwa fupi na ilikuwa imeandikwa na kaka yake. Nilipanda lori lililosindikizwa na askari hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilikuwa inapanuka kila mwezi na walikuwa wanatafuta makarani wa stoo ya chakula. Magurudumu na bomba niliyaacha kwenye gereji. Nilisema sitaki kuyaona tena, na kwa muda nilisema kweli.

Stoo ya Kakuma ilikuwa hema kubwa kama kanisa, limejaa magunia ya kilo hamsini hadi juu. Wapakuzi walikuwa watu wa Sudan Kusini, na kiongozi wao alikuwa mzee mrefu mwenye mvi ambaye Jumapili alikuwa katekista. Tulimwita Mzee, hata wazee wenzake. Mwili wake haukuwa na nyama, lakini mchana kutwa alihamisha magunia akiwa ametulia kama mtu anayepanga vitabu, na jioni mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu mimi niliyekaa kwenye kiti nikiandika.

Siku moja lori lilifika, wapakuzi hawakutosha, nikaingia kusaidia ili nijionyeshe. Nilishusha magunia kumi. Mzee akaja akasimama mbele yangu.

"Ya zol," akaniambia, yaani ewe bwana kwa Kiarabu chao, "wewe iko gombana na mzigo. Mzigo hana masikio."

"Si limeinuka?"

"Imeinuka leo. Kesho wewe nalala."

Ningemjibu vibaya, hiyo ndiyo tabia yangu. Lakini neno lile, nalala, lilinirudisha kwenye ukingo wa kile kitanda, nikanyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kunyamaza mbele ya mtu anayenisahihisha.

Alinifundisha kwa miezi, dakika chache kila siku, na mafundisho yake yalikuwa ya kuudhi kwa udogo wake. Simama karibu, mzigo uguse muundi. Ukiwa mbali nao hata kwa upana wa kiganja, mgongo ndio unaolipa. Usichutame kama unayekwenda haja, wala usiiname kama unayechuma mboga. Nyonga zikae katikati. Kifua kitazame mbele. Kwapa zifunge, kana kwamba umebana gazeti usitake liibiwe. Pumua, jaza tumbo, funga. Kisha jambo ambalo wapakuzi wote walilifanya na sikuwa nimeliona: kabla ya kuinua, walivuta kidogo sana, mpaka kamba ya gunia ikaze na mikono inyooke, wakakaa hapo kitambo kifupi. Ndipo wakainuka.

"Hiyo ni salamu," Mzee alisema. "Mtu unamsalimia kwanza, halafu unamwambia shida yako. Shuwaya shuwaya, polepole."

Na mwisho: usivute. Sukuma ardhi kwa miguu, mzigo utakuja wenyewe. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Miaka yote nilikuwa nikivuta.

Alinikataza pia kuinua mzito kila siku. Wapakuzi walifanya kazi siku za mgao, kisha wakapumzika hadi lori lijalo, na Mzee aliniuliza kama nadhani wanapumzika kwa uvivu. Nikapumzika. Nilirudi kwenye uzito mwepesi kama mwanafunzi, nusu gunia, gunia moja, pipa la maji lililojaa nusu. Mwaka ukapita namna hiyo. Usiku nililala bila maumivu ya kiuno niliyokuwa nimeyazoea hadi nikayaona sehemu ya mwili.

Ndipo tamaa ikarudi. Nilimwomba dereva mmoja anayeshuka Lodwar aniletee bomba na magurudumu yangu. Yalifika juu ya mzigo wa mafuta ya kupikia, tukaegemeza ubao, yakabingirika hadi chini mchangani. Rangi yangu nyekundu ilikuwa bado inasomeka.

Niliinua Jumapili baada ya misa. Wapakuzi wanne walikaa kutazama, pamoja na Mzee katika kanzu yake ya kanisani. Magurudumu yote manne. Nilisogea mpaka bomba likagusa muundi. Nikashika, nikajaza tumbo, nikalisalimia. Nilihisi bomba likikaza, vizuizi vya Fundi vikigonga saruji, tik, pande zote mbili. Kisha nikasukuma ardhi. Kwa kitambo hakukutokea kitu, na zamani hapo ndipo ningeanza kushtua. Nikaendelea kusukuma. Mchanga uliachia magurudumu. Likapanda, likakwaruza muundi hadi damu ikatoka, likapita goti, nikasimama.

Nilisimama nalo. Miaka mitatu na ushee. Wapakuzi wakapiga vigelegele kama wanawake, na mimi nikalia, siwezi kuficha, mtu mwenye ndevu, nimeshika bomba, nalia. Nikaliteremsha taratibu.

Furaha ile ilidumu muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kijana mmoja mpakuzi alikuwa ameondoa gurudumu moja ili alipeleke stoo. Alilitia begani, akapiga hatua mbili, akasimama akasoma rangi yangu.

"Karani, hii nani ameandika?"

"Mimi."

"Hii si ishirini na tano. Sisi tunabeba hamsini kila siku, tunajua nusu yake."

Nilisimama nikamchukua hadi kwenye mizani ya jukwaa, ile tuliyopimia magunia. Gurudumu lilisoma thelathini na nane. Nikasema mizani imeharibika. Nikaweka gunia lililokuwa bado limefungwa kwa uzi wa kiwanda: hamsini, sindano imetulia. Nikarudisha gurudumu. Thelathini na nane. Nikayapima yote manne, yakiachana kwa kilo moja hivi. Bomba lilikuwa ishirini kamili. Yule dereva wa mashine alisema kweli.

Mzee alikuwa amenifuata. "Ulipata wapi hiyo ishirini na tano?"

Nikamweleza. Mfuko mmoja, kilo hamsini, magurudumu mawili.

"Na mchanga?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja.

"Ulikoroga saruji peke yake? Hukutia mchanga? Hukutia maji?"

Tulitia mchanga. Tulisimama ndani ya laga, mchanga ulikuwa kila upande hadi macho yanapoishia, tukachota kwa karai tukatia. Lodwar mchanga uko kitandani, uko kwenye ugali, uko katikati ya meno. Haununuliwi, haupimwi, hakuna mtu anayeuona. Nilihesabu kile kilichoandikwa kwenye karatasi na mengine yote sikuyahesabu, na sidhani kuna mtu aliyeko mahali pengine popote ambaye angekosea hivyo.

Nilikaa juu ya magunia nikapiga hesabu upya kwenye kiganja. Mia na kumi yetu ilikuwa mia na thelathini na sita. Mia na ishirini yetu ilikuwa mia na sabini na mbili. Wapakuzi waliposikia wakashangilia upya: kumbe Karani ameinua mia na sabini na mbili! Nilipaswa kufurahi. Wakati wote ule sikuwa nimekwama kwa unyonge, ule ukuta ulikuwa ukuta wa kweli, kilo thelathini na sita kwa hatua moja, hakuna mtu anayeuruka.

Kilo thelathini na sita. Si mbuzi mdogo. Nilimtuma mtu akaziinue kwa mgongo uliopinda, nikampigia kelele avute. Na alikuwa ameniambia.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu alikuja, akahamia kabisa. Sikuinua tena baada ya Jumapili ile. Nilikaa miezi miwili nikijiambia kwamba Kaaleng ni mbali, kwamba njia ina majambazi, kwamba kumwambia hakutamponya. Yote yalikuwa kweli. Mzee alinisikiliza siku moja hadi mwisho, kisha akasema tu kwamba lori la Jumanne linashuka Lodwar.

Kutoka Lodwar nilipanda gari la mchele hadi Kaaleng. Sikupata shida kumpata; kila mtu alimjua fundi anayeziba sufuria. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yake, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele kama kitu cha mtu mwingine, ana nyundo ndogo na rundo la sufuria zilizotoboka. Alikuwa amekonda. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile.

"Ejok, Fundi," nikamsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok noi." Aliweka nyundo chini. "Karani. Umezeeka."

Mama yake alitoka, akanitambua, akaniwekea kigoda. Nikaketi. Nilikuwa nimekariri maneno tangu Kakuma, yakapotea yote, nikamwambia moja kwa moja: mizani, thelathini na nane, mchanga.

Alisikiliza akigeuza sufuria mikononi, akiitafutia tundu kwa kidole.

"Zote pamoja ngapi?"

"Mia na sabini na mbili."

"Na mimi nilifikisha goti."

"Ulifikisha goti."

Akagonga sufuria mara tatu. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ukasema mkono hajaenda shule."

Nikasema lile neno ambalo lilinishinda hospitalini, pole, na lilikuwa dogo sana, likaanguka hapo katikati ya sufuria. Hakulipokea wala hakulikataa. Aliendelea kugonga. Mama yake alileta chai ya maziwa ya mbuzi, tukanywa. Aliniuliza kama gereji bado ina mashine ile ya kuchomelea, nikamwambia ipo, ina mtu mwingine.

Jua lilikuwa limesogea, kivuli cha nyumba kimemwacha nje, miguu yake tayari imo juani. Alitazama huku na huku. Nikafahamu kwamba hawezi kuinuka peke yake, kwamba kuna jirani anayekuja kumsogeza na kwamba jirani hayupo.

"Niruhusu," nikasema.

Nilisogea karibu mpaka miguu yangu ikamgusa. Nikapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, chini ya makwapa, na mwingine chini ya magoti. Nilihisi mifupa ya uti wake kwenye mkono wangu, mmoja mmoja, na pale chini mahali ambapo mstari uliacha kunyooka. Kifua mbele. Nikajaza tumbo, nikakaza kidogo, nikakaa hapo kitambo kifupi kama Mzee alivyonifundisha. Kisha nikasukuma ardhi.

Alikuja juu bila shida yoyote. Nimeinua nusu gunia lililokuwa zito kuliko yeye, au ndivyo mikono ilivyoniambia.

Njiani, hatua nne kati ya jua na kivuli, aliongea karibu na sikio langu.

"Karani. Siku hizi mimi ni kilo ngapi?"

"Sijui, Fundi."

"Andika tu," alisema.

Nilimweka chini kivulini, mama yake akaleta kigoda.